Nani Aliyekwenda Tura

Brandreth, Saskatchewan, Kanada
17 Septemba 2023

Dada yangu Dafrosa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mama, na kwamba mguu wake umepungua uvimbe tangu niondoke. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila midomo imepasuka kwa baridi, na wenyeji wananiambia kwamba hii bado si baridi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nikipiga, Mama anaichukua na sisi hatupati nafasi. Tena nimekumbuka ulipokuwa bwenini ukiniandikia kurasa nne, na pembeni unanisahihishia makosa ya barua yangu iliyopita kwa wino mwekundu. Unaruhusiwa kuendelea.

Uliniomba nikueleze chuo chenyewe. Chuo Kikuu cha Brandreth kilianzishwa na wakulima wa ngano, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mazao yalikuwa yamewafia miaka miwili mfululizo, wakasema wanataka mahali pa kumuuliza mtu kwa nini. Ndiyo maana mpaka leo sifa yake kubwa ni kilimo na udaktari wa mifugo. Wanafunzi ni elfu kumi na nne. Idara yetu ya historia iko kwenye jengo lililokuwa zizi la farasi, na siku za mvua harufu bado ipo. Maktaba ina ghorofa sita. Nyuma ya hosteli inapita treni ya ngano, mabehewa zaidi ya mia, nami nikiisikia nasahau nilipo, nadhani tuko Tura na baba yuko kazini stesheni.

Msimamizi wangu ni Profesa Moreau, mama mtu mzima aliyekaa miaka mingi Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Anaongea Kiswahili cha kule. Siku ya kwanza aliniambia, "Weye ndiye wa wapagazi?" Nikasema ndiye mimi. Mada yangu, wabeba mizigo wa misafara ya zamani, imempendeza sana.

Msalimie Mama. Mwambie koti alilonishonea limetosha.

Ni mimi mdogo wako,
Advera


Tabora
22 Oktoba 2023

Mdogo wangu Advera,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mguu wa Mama unavimba na kunywea, ndivyo ulivyo, wewe hukuwahi kuuona kwa sababu aliyekuwa akiukanda ni mimi. Samahani nimechelewa, nilikuwa na madaftari mia moja na themanini ya kidato cha pili.

Barua yako nimeisoma. Makosa ni mawili tu, nimeyaacha.

Nimekiangalia chuo chako kwenye zile orodha za vyuo vya dunia. Kwenye moja ni cha mia tatu na arobaini. Kwenye nyingine wameandika kati ya mia nne na mia tano, maana yake hawakuona sababu ya kuhesabu vizuri. Mwalimu Silasi, yule wa jiografia, anasema hajawahi kukisikia, na yeye ana binamu Toronto. Nilikitetea. Nikamwambia ni chuo cha ng'ombe lakini historia ipo. Kwani hao wanaokwenda kusomea ng'ombe nao wanajiita wasomi wa Kanada wakirudi?

Na hiyo mada iliyompendeza profesa. Sijui kama ulimweleza kwamba wapagazi walianza kwenye insha yangu ya mwaka wa tatu, ile uliyokuwa ukinichapia kwa sababu nilikuwa na homa. Si lazima umweleze. Nataja tu.

Mama ametengeneza picha yako ukiwa mbele ya ile maktaba, kubwa, ya fremu. Ukuta wa sebuleni una msumari mmoja, unaujua. Picha yangu ya mahafali sasa iko juu ya kabati la vyombo, imelala. Jumapili alitembea nayo yako kwa akina mama wa WAWATA kanisani wakaipitisha mikononi. Mama Katarina, yule jirani, akaniuliza mbele za watu, "Na wewe mwalimu, lini?" Nikamjibu kwamba mtu mmoja lazima abaki na mguu.

Soma kwa bidii. Usile vyakula vya kopo.

Dada yako,
Dafrosa


Brandreth
19 Novemba 2023

Dada mpenzi,

Shikamoo. Poleni na joto, nasikia mvua hazijaanza. Huku theluji imefika magotini.

Orodha umezisoma sawasawa. Chuo kizima si kikubwa kwa jina, na wenyewe hawajifichi. Lakini jina la chuo huku si kitu kimoja, dada. Mtu akitaka ugonjwa wa ngano anakuja hapa hata kama ametoka vyuo vinavyotajwa redioni. Na historia ya Afrika ya Kati na Magharibi mwa Tanzania, nimeambiwa kuna mahali patatu au panne tu kwa bara zima la huku, na hapa ni pamojawapo. Ghorofa ya tano ya maktaba kuna shajara za wamisionari, barua, ramani zilizochorwa kwa mkono. Nimeona ramani yenye Tura na Tabora, na kati yao mtu ameandika kwa penseli, "maji mabaya".

Wanachosifiwa zaidi ni ukali. Profesa Moreau anashika kila rejea unayoweka chini ya ukurasa anakwenda kuifungua mwenyewe. Mwanafunzi mmoja kabla yangu aliandika kwamba alizungumza na wazee kumi na wawili, wakagundua ni tisa. Hakumaliza. Wanasema chuo kidogo kina jina moja tu la kupoteza.

Kuhusu insha yako, nakumbuka. Sijasema ni yangu. Hajaniuliza.

Nisamehe kuhusu msumari. Mwambie Mama apige mwingine.

Mdogo wako,
Advera


Brandreth
28 Aprili 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini Pasaka ilikuwa njema na Mama aliweza kufika kanisani.

Nina shida na sina mwingine wa kumwambia. Nilitakiwa kuja Juni mpaka Agosti kuhoji wazee wa njia ya msafara. Kibali changu cha kukaa huku kinaisha, nimeomba kipya, na mwanasheria wa wanafunzi anasema nikitoka kabla hakijatolewa naweza kufungiwa nje. Nikikosa mahojiano, mwaka umekufa. Na wazee hawangoji. Mzee Lugembe wa Tura nilisikia ameanza kusahau majina ya wajukuu.

Nakuomba unisaidie. Likizo ya Juni nenda Tura, halafu Ulyankulu na Kaliua kama utapata nafasi. Maswali nimeyaandika, ishirini na mbili, nimeyaambatanisha. Rekodi kwa simu, nitumie. Wewe unaongea Kinyamwezi kuliko mimi, na baba wanamkumbuka.

Najua una kazi nyingi. Nisingeomba.

Mdogo wako,
Advera


Tabora
14 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na mawazo ya kibali. Sisi wazima. Mama nilimwacha na Mama Katarina kwa wiki mbili, na aliporudishwa alikuwa amenenepa.

Nimekwenda. Rekodi zote nimeanza kukutumia kidogokidogo kwa bando, lakini ya Mzee Lugembe lazima nikusimulie mwenyewe.

Nilishuka Tura asubuhi. Nyumba yetu ile ya reli bado ipo, wameiezeka kwa bati jipya. Mzee alikuwa ameketi uani anachambua karanga. Nikapiga goti, nikamwambia mwangaluka, salamu ya asubuhi. Akaniangalia. "Wewe wa nani?" Nikamtaja baba. "Yule wa stesheni, aliyekuwa anacheka peke yake?" Nikasema huyohuyo. Akanisogezea kigoda na ungo, tukachambua wote.

Nikatoa maswali yako. La kwanza: je, babu zako walishiriki katika biashara ya misafara? Akasema, "Ndiyo." Akachukua karanga nyingine. La pili: walishiriki kwa namna gani? Akasema, "Kwa kubeba." Advera, maswali yako ni ya mtihani. Mtu wa miaka tisini hafanyi mtihani. Nikayakunja nikayaweka kwenye pochi.

Nikachambua karanga kwa muda. Halafu nikamuuliza, "Babu, ulipokuwa mdogo nani alikuwa anakupikia?"

Akaacha ungo. Akasema, "Bibi yangu Nyamizi." Na tangu hapo sikuuliza kitu kwa karibu saa nzima. Alisema huyo bibi alikuwa na upara wa duara katikati ya utosi, mahali nywele zilikataa kuota, naye Mzee akiwa mtoto alikuwa anapenda kupagusa kwa kidole. Ni kwa ajili ya mizigo. Alikwenda Bagamoyo mara mbili kwa miguu. Mara ya kwanza alibeba vyungu na unga wa mumewe, kama wake wengine. Mara ya pili mume alianguka Mgunda Mkali, kwenye lile pori lisilo na maji, hawakumaliza hata kumzika vizuri. Kirangozi, yule anayeongoza msafara, akataka pembe ya ndovu aliyokuwa akiibeba apewe mwanamume mwingine. Bibi akasema hapana. Akaipandisha begani yeye, mtoto tumboni, akatembea nayo mpaka pwani.

"Walimwandika?" nikamuuliza. Maana nilijua huko pwani majina yalikuwa yanaandikwa.

Akacheka. "Waliandika jina la mume. Fisi walikuwa wameshamla, lakini ndiye aliyefika Bagamoyo."

Baada yake nimewahoji kumi na wanne wengine. Kila mahali nimeanza na swali la mapishi. Katika simulizi zao wamejitokeza wanawake sita ambao walibeba, na majina yao ninayo, na wameacha wajukuu. Kwenye vitabu nilivyosoma mimi wanawake wanatembea pembeni ya msafara kama kuku. Advera, nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni mwanahistoria. Miaka kumi na moja nafundisha sababu tano za hiki na athari nne za kile.

Kaliua kuna bibi mwingine, Apolinaria, nimemwona kwa nusu saa tu, msimu wa tumbaku ulikuwa umewachukua wote shambani. Nitamrudia.

Niambie profesa anasemaje.

Dada yako,
Dafrosa


Brandreth
30 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo, na asante, na asante tena. Sijui niseme nini. Majira ya joto yote nilikuwa mji mwingine nikihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, nikiwageuza na kuwalisha, na jioni nasikiliza sauti yako. Nimemaliza kuandika kila neno.

Profesa amesoma sura ya wanawake. Alisimama akafungua dirisha. Alisema, "Hii hakuna aliyewahi kuiandika." Nitaipeleka kwenye mkutano wa wanahistoria mwezi wa pili.

Umeniokoa.

Mdogo wako,
Advera


Tabora
23 Februari 2025

Advera,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo.

Mwalimu Silasi amenionyesha ofisini jarida la chuo chako, alilitafuta mwenyewe mtandaoni. Wameandika vizuri. Umevaa miwani, inakupendeza. Nimesoma kwamba mwezi wa Juni ulipanda treni mpaka Tura, ukaketi kwenye kigoda, na baada ya kuona maswali ya kawaida hayafiki popote ulimuuliza mzee swali ambalo wataalamu hawajawahi kufikiria kuliuliza: nani alikuwa anakupikia.

Mwalimu Silasi akaniuliza, "Kumbe alikuja? Mbona hakutupitia?" Nikamwambia alikuwa na haraka.

Mama amelichapisha pale stationery kwa rangi. Ameliweka kwenye fremu ileile, mbele ya picha ya kwanza. Hongera.

Dafrosa


Brandreth
16 Machi 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Najua umekasirika, hukusaini kama dada.

Nitakueleza ukweli wote. Kamati ya maadili ya utafiti ilikuwa imeniruhusu mimi kuhoji, mimi kwa jina langu. Kumtuma mwingine lazima uombe upya, na majibu ni miezi minne. Nilinyamaza. Profesa aliporudi kutoka likizo akaniuliza, "Tura kulikuwaje?" na nikasikia mdomo wangu unasema, kulikuwa na joto. Baada ya hapo kila mtu aliyeuliza nilimwongezea kidogo. Yule mwandishi wa jarida alikuwa anatabasamu sana. Sikupanga, dada. Lakini nilipoanza kusimulia kile kigoda na zile karanga, nilijisikia kama kweli nilikuwepo.

Sasa tasnifu inakaribia kupita na kamati inachagua chache za kukagua. Yangu imechaguliwa. Wewe nimekuandika kama mwenyeji wangu. Watakuletea barua pepe yenye maswali matatu. La muhimu ni moja: kama nilikuwepo huko Juni mpaka Agosti. Jibu ndiyo. Neno moja tu. Nikishamaliza nitaweka jina lako kwenye shukrani, ukurasa wa kwanza, peke yako.

Nakuomba kwa jina la baba.

Mdogo wako,
Advera


Brandreth
6 Aprili 2025

Dada, shikamoo. Wameniambia barua yako wameituma tangu tarehe ishirini Machi. Je, umeipata? Simu hupokei. Mama anasema uko shuleni mpaka jioni kila siku, hata Jumapili. Hakuna shule Jumapili.

Advera


Tabora
4 Mei 2025

Advera mdogo wangu,

Natumaini u mzima wa mwili. Mama hajambo, hajui lolote.

Nimeijibu kamati. Nilikaa na barua yao wiki sita, na jana nimewajibu. Walipouliza kama ulikuwepo, nimesema hukuwepo. Walipouliza nani aliwahoji wazee, nimesema ni mimi, na nimewatumia rekodi zote ili wasikie sauti ni ya nani. Walipouliza kama kuna jambo jingine, nimesema hapana.

Nilimwambia Mwalimu Silasi bila kutaja majina, akasema mtu akisema kweli amemaliza. Ningependa kuamini hivyo. Kila neno nililowaandikia ni kweli, na hakuna hata moja nililoliandika kwa ajili ya ukweli. Niliandika kwa sababu ya fremu ya Mama. Niliandika kwa sababu ulisema ulijisikia kama ulikuwepo. Nilipobonyeza kutuma, nilifurahi. Nataka ujue hilo kutoka kwangu. Nilifurahi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, halafu furaha ikaisha.

Na kuna jingine. Mwaka 2020 niliomba chuo hichohicho. Brandreth. Profesa huyohuyo, mada hiyohiyo. Sikumwambia mtu, hata Mama. Walinijibu mistari mitatu. Mwaka mmoja na nusu baadaye ukaja na laptopu yako ukaniambia, "Dada nisaidie kusahihisha maombi, nimepata chuo kimoja hukijui." Nikasahihisha. Nilikusahihishia vizuri, Advera, sikuacha kosa hata moja, na kila koma niliyoiweka ilinichoma. Ulipoondoka nilikupigia vigelegele stesheni. Orodha za vyuo sikuzitafuta kwa sababu yako. Nilikuwa nazo tangu zamani. Zilinisaidia kusema kwamba kilichonikataa hakikuwa kitu.

Ungenitaja. Jina langu mahali popote, hata kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Nadhani ningejibu ndiyo.

Au labda nisingejibu. Sijijui tena vizuri.

Dada yako, kama bado unataka,
Dafrosa


Tabora
24 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Hii ni barua ya pili bila jibu, nami sidai jibu. Nakupa habari tu.

Mzee Lugembe amefariki tarehe tisa. Nilikwenda kuzika. Mjukuu wake aliniomba ile rekodi, nikaiweka kwenye simu yake, wakaisikiliza uani watu kama thelathini. Alipofika kwenye utosi wa bibi yake wote walicheka.

Mama anauliza kwa nini hupigi. Nimemwambia mitihani. Mwambie mwenyewe kitu, hata uongo mwingine, ataitambua sauti yako akatulia.

Dafrosa


Brandreth
20 Desemba 2025

Dada Dafrosa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama na maandalizi ya Noeli. Mimi nipo. Nimekonda kidogo.

Nilianza barua nyingi nikazifuta, kwa sababu zote zilikuwa matusi.

Mwezi wa nane kamati iliamua. Sura ya wanawake imeondolewa. Nimesimamishwa masomo mpaka Septemba 2026, na nikirudi nitaanza utafiti upya. Hawakunifukuza kwa sababu nilikiri kabla hawajanisomea majibu yako. Jarida lilifuta ile habari, na mahali pake kuna mstari mmoja unaosema haipo tena. Wanafunzi wenzangu wananisalimu vizuri mno.

Kwa miezi mitatu nilikuchukia. Nilikuwa napanga nitakavyokuambia siku tukionana, mpaka na nguo nitakazovaa. Sasa nitakuambia kitu kibaya zaidi ya hayo.

Mwezi wa tisa Profesa Moreau aliniita. Alisema kamati imempa rekodi azisikilize. Tukakaa ofisini kwake akaziweka, saa tatu nzima, sauti yako. Kila ulipouliza alitikisa kichwa taratibu. Ulipokuwa kimya ndipo alipotikisa zaidi. Alisema, "Huyu anajua kungoja." Dada, mimi hajawahi kunitikisia kichwa namna ile. Miaka miwili nimekaa mbele ya yule mama na hajawahi.

Akaniuliza, "Dada yako anasoma wapi?" Nikasema hasomi, anafundisha. Akasema barua uliyoiandikia kamati ni siri, haruhusiwi kuchukua anwani yako huko, hivyo ananipa mimi ujumbe nikufikishie. Ni ukurasa mmoja. Anataka mahojiano yachapishwe kwa jina lako. Na anakuomba uombe nafasi ya Septemba, yeye atakuwa msimamizi wako.

Mwisho wa kuomba ulikuwa tarehe kumi na tano Desemba. Leo ni tarehe ishirini.

Nilikaa nao miezi mitatu kwenye droo ya soksi. Kila siku nilisema kesho. Tarehe kumi na tano nilikaa kitandani nikiangalia saa mpaka ofisi zao zikafungwa, halafu nikavuta pumzi. Siku nne nilikuwa na raha. Jana ikaisha. Nimeuambatanisha ujumbe wake hapa chini, wote, na anwani yake.

Sitaomba msamaha leo. Nikiomba itaonekana nataka kitu.

Advera


Tabora
11 Januari 2026

Mdogo wangu Advera,

Marahaba. Mama hajambo, alishinda Noeli akitafuta mtandao ili aone uso wako.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya hospitali na Mama. Nilitoka nje nikamwacha amekaa. Sikujua kwamba nina hasira kiasi kile. Siku tatu hasira haikushuka. Siku ya nne nikawa nafua, nikakukumbuka kitandani unaangalia saa ofisi zifungwe, nikajiona mimi na kikombe changu cha chai. Nikakaa chini palepale kwenye beseni. Hakuna mtu mwingine duniani ninayemjua ndani kiasi hicho.

Nimemwandikia Profesa Moreau mwenyewe. Sikumweleza habari ya droo. Nimesema ujumbe ulichelewa. Amenijibu kwa Kiswahili chake cha Kalemie kwamba dirisha la mwaka huu limefungwa kweli, la mwaka ujao litafunguliwa, na mahojiano anayataka hata sasa, ila yaongezwe. Nimemwambia yatakuwa na majina mawili. Moja ni la aliyeuliza, na la pili ni la aliyekaa miezi mitatu akiandika kila neno kutoka kwenye sauti, maana hiyo nayo ni kazi na sikuifanya mimi. Bado naona wivu nikiandika hivi. Nimeandika hivyohivyo.

Sasa nisikilize. Una miezi minane huna darasa, na uliwahi kusema kibali chako kipya kilikuwa njiani. Kama kimetoka, njoo nyumbani. Bibi Apolinaria wa Kaliua nimezungumza naye kwa simu ya mjukuu wake. Mama yake mzazi alibeba kutoka Ujiji. Anayo majina yote, ya waliofika na ya walioachwa njiani, na anasema hatayasema kwenye simu. Ana miaka tisini na minne, na hawezi kutungoja mpaka wivu wetu uishe.

Dada yako,
Dafrosa


Ujumbe wa simu
5 Februari 2026

Shikamoo dada. Nimefika Dar jana, sikumwambia mtu. Treni itafika Tabora Jumamosi asubuhi. Usije na Mama stesheni. Tuonane kwanza sisi wawili, hata kama ni kwa kugombana. Mdogo wako, Advera.